Umenunua pikipiki? Kabla ya kuongeza kitu, anza kuondoa

Ilikuwa kama saa moja na nusu usiku, msitu wa Magamba, ukungu umeshuka mpaka barabarani. Nilikuwa natoka Lukozi kwa wakulima wa kabichi, narudi Lushoto mjini, na pikipiki ilikuwa na siku tisa tangu iwe yangu. Mbele yangu watoto wawili walikuwa wanaswaga mbuzi. Nikabonyeza honi. Haikulia. Taa zote zikazimika na injini ikafa hapo hapo. Nikajikuta kwenye mteremko, gizani, sijui ukingo wa barabara uko wapi, na nyuma yangu nasikia Fuso la mboga linashuka.

Dereva aliniona kwa sababu ya mkanda wa kung'aa ulioshonwa kwenye begi langu, begi tulilogawiwa kwenye semina. Pikipiki yenyewe ilikuwa imening'inizwa vifaa vya kila aina, lakini kilichoniokoa ni kipande cha mkanda nilichokuwa nimekisahau mgongoni.

Mimi ni bibi shamba, yaani afisa ugani wa kilimo. Kwa miaka sita nilitumia pikipiki ya ofisi, halafu nikajikusanya nikanunua yangu, Boxer 150 iliyotumika mwaka mmoja. Tangu hapo wenzangu wananiuliza, hasa dada zangu wa ugani na walimu wanaonunua kwa mara ya kwanza: niiongezee nini? Nianze na kipi? Nimejibu kwa simu mara nyingi, leo naandika.

Kwanza, ondoa

Asubuhi ya pili fundi alifungua siti, akaniita. "Bibi shamba, njoo ujionee mwenyewe." Aliyekuwa nayo kabla yangu aliipenda sana pikipiki yake. Aliiwekea taa nne za ziada mbele, honi mbili za gari, taa za rangi chini ya tangi na kengele ya wizi. Nisifiche, siku ya kununua vitu hivyo vilinivutia. Nilidhani nimepata pikipiki na vifaa vyake vyote kwa bei moja. Kumbe vyote vilikuwa vimeungwa kwenye waya mmoja mwembamba, maungio yamefungwa kwa nailoni, na mahali pa fyuzi pamekunjwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

Kazi ya fyuzi ni kukatika kabla waya haujaungua. Karatasi ile inapitisha umeme mwingi kuliko waya unavyoweza kubeba, kwa hiyo kilichokatika ni waya wenyewe, tena baada ya kuyeyusha gamba lake umbali wa kiganja kimoja kutoka kwenye tangi la petroli. Nilipouona nilikaa chini.

Tuliviondoa vyote. Fundi alirudisha nyaya zilivyotoka kiwandani, akaweka fyuzi ya kiasi kilichoandikwa kwenye kijitabu, na pikipiki ikaanza kuwaka kwa kidole bila kusitasita, kitu ambacho haikuwa ikifanya tangu niinunue.

Kwa hiyo ukinunua mkononi mwa mtu, ondoa kila ambacho hakikutoka kiwandani, uiendeshe hivyo hivyo wiki mbili. Utajua pikipiki yako inavyowaka, inavyosimama, taa yake inafika wapi. Baada ya hapo ongeza kimoja kimoja. Ukiongeza vitano siku moja na kitu kikaharibika, hutajua ni kipi kimeleta shida. Hata ukinunua mpya dukani, bampa na keria wanazokufungia pale pale kama zawadi zikague: shika kila nati kwa spana, maana hufungwa haraka haraka mteja akiwa amesimama anasubiri.

Kuna kingine cha kuondoa, nacho hakionekani kwa macho. Wiki ile ya kwanza, nikipanda kutoka Mombo, nikifika karibu na Soni injini inalia kwa nguvu lakini pikipiki haisogei kama inavyolia. Klachi ilikuwa inateleza. Fundi alimwaga oili akaniuliza ilikuwa ya aina gani, nikampigia aliyeniuzia: oili ya gari. Pikipiki nyingi za aina hii klachi yake inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo ya injini, na oili nyingi za kisasa za magari huwekwa viungo vya kupunguza msuguano. Injini ya gari inafurahi, klachi ya pikipiki inateleza. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2. Hiyo ndiyo alama ya oili iliyopimwa kwa klachi za namna hii. Tulibadilisha, tukabadilisha tena baada ya kilomita mia chache ili kusafisha mabaki, na klachi ikashika bila kununua sahani mpya.

Na kabla sijasahau: kadi ihamishiwe jina lako TRA, na bima iwe hai. Usinunue hata kioo kabla ya hayo mawili.

Maboresho ya bure

Watu wanaruka moja kwa moja kwenda dukani wakati pikipiki ina vitu vya kurekebisha ambavyo havigharimu hata shilingi. Mkono wa klachi na wa breki unaweza kuinuliwa au kushushwa mpaka vidole vyako vifike vikiwa vimenyooka na kiwiko hakijakaza. Mimi vidole vyangu ni vifupi. Kurekebisha hapo tu kuliniondolea maumivu ya kifundo cha mkono niliyodhani yameletwa na baridi.

Shokapu za nyuma zina pete yenye ngazi. Ukiwa peke yako weka chini, ukibeba abiria au gunia pandisha, na pande zote mbili ziwe ngazi sawa. Nimeona watu wanaobadilisha shokapu nzima kwa sababu pikipiki inagonga chini, na ile pete haijawahi kuguswa tangu kiwandani.

Upepo wa tairi ni hivyo hivyo. Kijitabu cha yangu kinasema 25 mbele, na nyuma 28 nikiwa peke yangu, 32 nikiwa na abiria. Niliponunua, nyuma kulikuwa na 40. Pikipiki ilikuwa inaruka kwenye kila kokoto, na mimi nikilaumu barabara.

Urefu nao. Kwa dada zangu wafupi: kama miguu yote miwili inagusa chini kwa ncha za vidole tu, nenda kwa fundi wa siti akupunguzie sponji. Hiyo si bure lakini haina gharama kubwa. Mwambie apunguze mahali unapokaa na kwenye kingo za mapaja, asikate yote, la sivyo baada ya kilomita ishirini utakuwa umekalia chuma. Yangu ilipungua upana wa vidole viwili. Siku hizi nikisimama kwenye matope naweka nyayo nzima.

Helmeti ndiyo inunuliwe kwa fedha nyingi

Nilitenga laki tatu kwa vifaa vyote. Helmeti peke yake ilichukua laki na thelathini, na kama ingenilazimu ningeipa zote.

Tunazoea kuiona kama kitu cha kumridhisha trafiki, ndiyo maana zimejaa zile nyepesi kama bakuli, zenye sponji laini tu ndani. Helmeti ya kweli ina ganda gumu nje, na ndani, chini ya kile kitambaa, ina tabaka nene la povu gumu jeupe, la jamii ya lile linalowekwa kwenye maboksi ya televisheni. Kichwa kikigonga, povu lile linabonyea, na katika kubonyea linakipa kichwa muda mfupi wa ziada wa kusimama. Ule muda ndio unaokinga ubongo. Dukani ingiza kidole chini ya kitambaa, bonyeza. Ukikuta sponji kisha ganda moja kwa moja, irudishe kwenye rafu.

Alama zinasaidia. Zilizopimwa kwa kiwango cha Ulaya zina duara lenye herufi E na namba ya nchi iliyoidhinisha, kwa mfano E3 ni Italia na E4 ni Uholanzi, na mara nyingi lebo yake imeshonwa kwenye mkanda wa kidevu. Za India zina alama ya ISI na namba IS 4151. Za Marekani zimeandikwa DOT nyuma. Stika inaweza kuchapishwa na yeyote, kwa hiyo alama peke yake isikutoshe. Kidole chako na macho yako vikubaliane nayo.

Halafu ikae kichwani. Ivae, funga mkanda, tikisa kichwa: ngozi ya mashavu iende pamoja na helmeti. Mwambie mtu ashike nyuma avute kwenda juu na mbele. Ikivuka, si yako, hata kama rangi yake umeipenda. Kwa wanaosuka: nenda kupima ukiwa na msuko unaokaa nao siku nyingi, maana iliyokutosha na rasta itacheza ukinyoa. Kwa wanaovaa ushungi: tumia ule mwembamba wa kuvuta, usio na pini. Pini chini ya helmeti sitaki hata kuifikiria.

Usinunue helmeti ya mtumba. Koti la mtumba nunua, buti za mtumba nunua, mimi mwenyewe koti langu la ngozi nililitoa kwenye mnada wa mitumba na ni zuri kuliko yote niliyoyaona dukani. Helmeti hapana. Povu likishabonyea halirudi, na kutoka nje huwezi kuona. Kwa sababu hiyo hiyo usiitundike kwenye kioo cha pembeni: kile chuma kinatoboa povu kidogo kidogo. Usiifute kwa petroli wala thina.

Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliyochapishwa mwaka 2008, yaliyokusanya tafiti kutoka nchi mbalimbali, yalikadiria kwamba kwa waendesha pikipiki wanaopata ajali helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna bampa wala taa inayokupa hivyo.

Kioo cha helmeti kiwe cheupe kama unatembea jioni. Na kwa sisi wa milimani ambao pumzi inatanda ndani ya kioo: tone moja la sabuni ya maji, paka upande wa ndani, acha likauke, futa kwa kitambaa kikavu mpaka pang'ae. Kwangu inanifikisha Mtae asubuhi ya Julai bila kufungua kioo.

Kuona na kuonekana

Hivi ni vitu viwili, na watu wananunua cha kwanza wakisahau cha pili. Kuonekana ni rahisi mno. Nilinunua mita mbili za mkanda wa kung'aa, nikabandika nyuma ya helmeti, pande zote za kreti, na kwenye mabomba ya shokapu. Nikabadilisha bulbu ya breki iliyokuwa imeungua upande mmoja. Kila wiki nasimama mbele ya ukuta, nabonyeza breki ya mkono halafu ya mguu, naangalia kama ukuta unawaka mwekundu kwa zote mbili. Vioo vya pembeni nikarudisha vyote viwili. Fulana ya riflekta ninavaa hata mchana, na rangi yake ikipauka nabadilisha.

Kuona kulinichukua muda zaidi kuelewa. Kwanza tulisafisha kioo cha taa, tukaweka bulbu mpya ya aina ile ile, wati 35, tukairekebisha ielekee sawa. Fanya hivi: simama mita tano kutoka ukutani, mwenyewe ukiwa umekaa juu ya pikipiki, uwashe taa ya chini. Mwanga wake wa juu uishie chini kidogo ya urefu wa taa yenyewe. Yangu ilikuwa inamulika majani ya miti. Baada ya marekebisho hayo tu barabara ilionekana mara mbili ya mwanzo.

Kuna bulbu za LED zinazouzwa kuchomekwa mahali pa bulbu ya zamani. Nilijaribu moja, nikaitoa baada ya siku tatu. Kile kikombe cha ndani ya taa kimetengenezwa kwa waya unaowaka mahali maalumu kabisa. Chanzo cha mwanga kikihama kidogo tu, mwanga unatawanyika. Ukikaa juu ya pikipiki unaona mweupe mkali ukafurahi, lakini anayekuja mbele haoni kitu, na kwenye barabara yenye kona kama ya Mombo hadi Lushoto, asiyeona anakuja upande wako.

Nilichokubali mwishowe ni taa mbili ndogo za LED za wati 10 kila moja, zimefungwa chini kwenye bampa, zinamulika chini. Kwenye ukungu kinachosaidia ni hapo zilipo. Taa ya juu inamulika matone ya ukungu mbele ya macho yako na kukurudishia ukuta mweupe. Iliyo chini inapita chini yake ikakuonyesha ukingo wa barabara. Wati 20 kwenye betri ya volti 12 hazifiki ampia 2, mzigo ambao pikipiki yangu inaubeba bila shida. Zina waya wake, fyuzi yake karibu na betri, na rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, ili umeme wao usipite kwenye swichi ndogo ya usukani. Nikipishana na mtu nazizima. Mwambie fundi wako maneno hayo matatu: waya wake, fyuzi yake, rilei yake. Akikwambia hayana haja, tafuta fundi mwingine.

Tairi na breki

Ubavuni mwa tairi kuna namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 3223 ni wiki ya 32 ya mwaka 2023. Kuna tairi "mpya" zilizokaa dukani miaka mingi mpaka mpira umekauka, na kwenye utelezi wa masika mpira mkavu haushiki hata kama kashata zake, vile vinundu vya kushika barabara, hazijaguswa. Mimi nyuma nimeweka ya kashata kubwa kwa ajili ya vijiji, mbele nikabakiza ya mistari inayoshika kwenye lami. Usibadilishe ukubwa ili ionekane nene; itakula mnyororo au igonge madigadi ukibeba mzigo.

Breki zangu ni za ngoma. Kwa mteremko wetu, kilomita 33 au hivi toka Lushoto mpaka Mombo, ngoma zikipata moto zinalegea. Nilinunua brekishu nzuri, nikasafisha vumbi ndani, lakini kilichosaidia zaidi ni kushuka na gia ya pili au ya tatu na kuiachia injini ishike. Nikinusa harufu ya kuungua nasimama Soni, nakunywa chai, naendelea.

Mizigo, mvua, na nilivyoviacha

Keria imara iliyofungwa kwa bolti kwenye fremu, juu yake kreti ya plastiki, na mipira iliyokatwa kwenye tyubu za zamani. Zile kamba za kuvutika zenye ndoana za chuma nimeziacha. Moja ilifyatuka ikampiga mwenzangu chini ya jicho. Uzito uwe karibu na mwili wako, usiwe kwenye ncha ya keria, maana huko nyuma unanyanyua gurudumu la mbele na usukani unakuwa mwepesi kwenye kilima. Chupa za dawa za wadudu zina ndoo yake yenye mfuniko. Hazikai kreti moja na chakula hata siku moja.

Kwa mvua, suti ya vipande viwili, koti na suruali. Lile koti pana la kujifunika lina kingo ndefu zinazotafuta mnyororo. Glovu nina jozi mbili. Chini ya siti nina tyubu ya akiba, viraka, gundi, pampu ya mkono na spana za ekseli, na nilijifunza kwanza kutoa gurudumu nyumbani, mchana, fundi akiwa pembeni.

Wizi: usukani naufunga, na mnyororo mnene napitisha kwenye gurudumu mpaka kwenye nguzo. Kengele ya umeme sijairudisha, ilikuwa inanyonya betri usiku kucha.

Mwamvuli wa bodaboda nimeuacha kabisa. Kwenye tambarare, mjini, mwendo wa pole, namwelewa anayeutumia. Huku kwenye migongo ya milima upepo unatoka bondeni ghafla, na mwamvuli ule ni tanga lililofungwa kwenye usukani. Bomba la moshi la kelele nimeliacha pia. Wagonjwa na watoto wa vijiji ninavyopita hawanidai kelele.

Sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, nilibadilisha, nikaongeza meno mawili. Inapanda vizuri zaidi, inapungua mwendo wa mwisho, ambao huku hakuna pa kuutumia. Kama unaishi Korogwe au Handeni kwenye barabara iliyonyooka, acha ya kiwandani.

Anayekaa nyuma

Upande wa kushoto wa pikipiki nyingi za India, pembeni ya gurudumu la nyuma, kuna wavu wa chuma. Wengi wanaufungua ili pikipiki ionekane ya michezo, na wangu ulikuwa umefunguliwa. Wavu ule uko pale kwa sababu ya wanawake. Kanuni za magari za India za mwaka 1989 zinataka pikipiki iwe na kishikio cha abiria, pa kuweka mguu, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma, ili nguo ya aliyepakiwa isinaswe. Wao walikuwa wanafikiria sari. Sisi tuna kanga, kitenge, dira na baibui, na spoki ni zile zile.

Nililielewa hilo siku nilipompakia mwenzangu wa ofisini kutoka Mlalo. Ncha ya kanga yake ilishikwa na gurudumu. Tulikuwa tunaondoka, mwendo wa mguu, nikasikia ukelele na pikipiki ikavutwa. Kanga ilichanika, yeye akabaki na alama shingoni kwa sababu alikuwa amejitanda. Tungekuwa kwenye mwendo wa kawaida nisingekuwa naandika haya kwa utulivu huu. Jumamosi iliyofuata nilishuka Tanga mjini kuutafuta wavu, nikaupata duka la tatu la spea. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya zile honi mbili.

Ongeza ngao ya bomba la moshi kama yako imepotea. Abiria wengi wanaungua mguu wa kulia wanaposhuka. Akiungua, ni maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, si dawa ya meno.

Na helmeti ya pili. Nilipomaliza ya kwangu nilibaki na fedha kidogo, nikajiambia abiria ni wa siku moja moja. Lakini abiria wangu wa siku moja moja ni mama. Kila Alhamisi ya kliniki nampeleka hospitali ya wilaya, na alikuwa anakaa upande, mkono mmoja umenishika, mwingine umeshika kanga, kichwani mtandio.

"Mama, naomba ukae mguu huku na mguu huku."

"Mwanangu, na umri huu? Watu wataniona."

Sikubishana naye. Nilimshonea suruali pana ya kitenge kile kile cha gauni lake, ivaliwe ndani, na mwezi uliofuata nikampeleka dukani achague helmeti mwenyewe, ndogo, nyeupe. Muuzaji alimpa kiti, akampima tatu. Alitikisa kichwa kama nilivyomwelekeza, akaniangalia akasema, "Hii inanibana mashavu." Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa.

Sasa inatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wake, pamoja na kanga za kutokea. Alhamisi nikipiga honi, ile moja ya kiwandani, anatoka akiwa ameshaifunga mkanda.